Bampa Lisilovutwa Halitoki

Gari la Pampu liliingia karakanani uso wazi, kama mzee aliyesahau meno nyumbani. Bampa lake la mbele lilikuwa limelazwa nyuma, juu ya mabomba na mipira, limejikunja upande mmoja na kupasuka upande wa pili. Jiwe la mtoni, huko juu milimani, ndilo lililofanya kazi hiyo msimu wa mvua uliopita. Tangu hapo gari lilikuwa likitembea hivyo hivyo, radieta nje, kila mpita njia akiliona tumbo.

“Hodi wenye chuma chao!” Pampu aliita, akaruka chini.

Cheche alizima mashine ya kuchomelea, akainua kinyago chake. “Karibu, shemeji. Leo umekumbuka kwenu?”

“Nimekumbuka wapi! Nimefukuzwa. Mdogo wako kasema bila bampa la maana, na winchi juu yake ya kujivutia nikikwama, milimani siendi. Na nikienda kwa kiburi, nisirudi kwake, nilale huko huko na pampu zangu.”

“Kwa hilo nipo upande wake.”

“Najua. Nyinyi wawili mkiungana, mwanamume anatafuta pa kuhamia.”

Pampu alikuwa fundi wa pampu za maji, na jina lake lingine watu walikuwa wameshalisahau. Alikuwa amemwoa mdogo wake Cheche. Gari lake, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lilipanda mahali ambapo hata punda huuliza kwanza kama kuna ulazima. Huko juu pampu mbili zilikuwa zimekufa, na watu walikuwa wanachota maji kwenye madimbwi pamoja na ng’ombe. Jumamosi asubuhi ilimpasa aondoke, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na kivuko cha mto kikishajaa hakuna gari litakalopita tena hadi kiangazi.

“Shikamoo, Mzee,” alisema, akiugeukia mlango.

“Marahaba, mkwe wangu. Naona umeleta maiti.”

“Umeionaje, Mzee?”

“Nimeisikia. Chuma kizima hakilii hivyo gari likipita kwenye shimo.”

Mzee Kipimo, baba yake Cheche, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, bakuli la bolti mapajani, akizichambua kwa vidole: ndefu huku, fupi kule, zilizoliwa meno kwenye kopo la tatu. Moto wa kuchomelea ulikuwa umemla macho polepole, kama kutu inavyokula mlango wa bafu kuanzia chini. Sasa aliona mwanga na kivuli tu. Daktari alimkataza kuukaribia tena ule moto, na yeye, mtu ambaye maishani mwake alikuwa hajakatazwa kitu akatii, safari hii alitii.

Karakana ile ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilisema kwamba kazi yoyote inayobeba roho ya mtu haitoki mpaka ivutwe, iwe ngazi ya tangi, ndoano ya tela, au bampa la kuvutia gari. Katikati ya uwanja palikuwa na kipande cha reli kilichozikwa kwenye zege, kimesimama kimo cha kiuno. Mzee alikiita Mama Mkwe. Zamani alipokwenda kuposa, alisimulia, alimkuta mama mmoja aliyesema hapana, akambembeleza, akampelekea wazee, akamtengenezea hata mlango wa chuma, na yule mama hakusogea unywele mpaka alipotaka mwenyewe. “Na huyu naye hasogei,” Mzee alikuwa akisema, huku akiipiga reli kofi. “Ukitaka kujua kazi yako kama ni ya kweli, ifunge kwake, uvute.”

Sheria ya pili ilikuwa ya alama. Kazi iliyovutwa na Mama Mkwe ikabaki nzima, Mzee aliigonga kwa tindo alama ya mwezi mchanga. Walikuwapo madereva walioinama chini ya tela kuutafuta ule mwezi kabla ya kukubali kuifunga kwenye gari lao.

Cheche alikuwa amekulia katika cheche za moto wa karakana hiyo. Ndiko jina lilikotoka. Alijua kuchomelea kabla hajajua kusuka nywele. Lakini kazi zake zilikuwa madirisha, mageti, vitanda na viti vya shule, na vitu hivyo havikugongwa mwezi. Kazi nzito zilikuwa za Mzee. Macho yake yalipofifia, wenye kazi nzito walianza kupita mlangoni, wanasalimia kwa heshima, kisha wanakwenda kwingine.

Sasa muuza matairi wa ng’ambo ya barabara alikuwa anautaka uwanja. Alikuwa mtu mwema, hakusukuma. Aliuliza tu, akaenda, akarudi kuuliza tena. Wiki moja kabla ya Pampu kuja, Mzee alimjibu mbele ya Cheche: “Mvua zikianza kabla kazi nzito haijatoka hapa, nitakupa ufunguo.” Alipoondoka, Mzee akamwambia binti yake, bila ukali, “Karakana ya madirisha matupu ni duka, mwanangu. Na mimi sikujenga duka.”

Cheche alirudi kwenye mashine yake. Si kwamba alikosa la kusema. Alikuwa nalo mdomo mzima. Lakini alimjua baba yake. Mtu yule hakuwahi kushindwa kwa maneno hata siku moja. Alishindwa kwa chuma tu.

Basi Pampu alipolishusha lile bampa lililovunjika, Cheche aliliangalia kama mtu mwenye njaa anavyoangalia sufuria.

“Nitakutengenezea,” alisema. “La pleti nene, lenye kitanda cha winchi katikati na pete mbili za kuvutia. Pembe zake nitazikata zipande juu, usije ukachota mawe ukishuka mtoni.”

“Na Mzee?” Pampu alinong’ona, kana kwamba moto uliokula macho umekula na masikio.

“Mzee yupo,” alijibu Mzee kutoka kwenye kigoda. “Aliyekuambia atakutengenezea ni nani?”

“Ni shemeji.”

“Basi ongea na shemeji yako.”

Pampu akakuna kichwa. “Haya. Gari niliache?”

Hapo ndipo Cheche alipokosea, na alikosea kwa furaha. Aliliona bampa zima kichwani mwake, limekamilika, jeusi, linang’aa. Akaona siku ya Ijumaa gari linaingia, bampa linainuliwa, linapachikwa, klik, kama ufunguo ndani ya kufuli lake, na watu wa barabara nzima wamesimama vinywa wazi.

“Hapana, nenda nalo kazini,” alisema. “Niachie hili la zamani. Vipimo vyote viko hapa: upana, matundu, masikio ya kufungia kwenye chesi. Ijumaa alasiri njoo uvalishwe.”

Fundi cherehani wa jirani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, alikuwa amesimama kibarazani kwake na futi shingoni, akisikiliza bila kujificha. “Mdogo wangu wee,” alisema, “mimi hata suruali simshonei mtu kwa kupima ile iliyochanika. Aliyeichana ndiye ninayemtaka, na kitambi chake.”

“Chuma hakinenepi, dada!”

“Haya. Mwenye mashine ni wewe.”

Pampu alicheka, akawasha gari, akaondoka. Vidole vya Mzee vilisimama kidogo ndani ya bakuli la bolti. Kisha viliendelea kuchambua.

Kazi ile Cheche aliifanya kwa moyo wake wote, na hilo lazima lisemwe, maana wapo wanaokosea kwa uvivu na wapo wanaokosea kwa bidii. Alilinyoosha bampa la zamani kwa nyundo kadiri lilivyokubali, akalipima mara na mara tena, akachora pleti kwa chaki. Alikata kwa grenda mpaka mtaa mzima ukanung’unika. Alikunja pembe polepole, akizipasha moto, akizijaribu kwa skwea, kile kipimo cha pembe mraba, akizirudisha. Alipofika kwenye kuchomelea hakukimbilia mstari mrefu. Alichoma kidogo kulia, akahamia kushoto, akarudi katikati, akiacha chuma kipumzike, kwa kuwa chuma kikipata joto upande mmoja hujivuta, na bampa lililonyooka asubuhi linaweza kufika jioni limejikunja mgongo kama paka. Kitanda cha winchi alikishonea mbavu kwa ndani, mahali ambapo hakuna macho yatakayofika. Akamaliza na masikio mawili, kulia na kushoto, akatoboa matundu yake sawasawa na yale ya zamani. Lile la kushoto katika bampa la zamani lilikuwa limeliwa, limekuwa refu kama jicho la mbuzi; yeye katika bampa jipya akalirudisha kuwa duara, akaona ametenda wema.

Mzee hakuuliza kitu. Alisikiliza tu. Cheche alijua kwamba anasikiliza, kwa sababu kila mashine ilipotoa sauti nzuri, ile ya mafuta ya kukaangia, kichwa cha mzee kiliinama kidogo kwa mbele.

Ijumaa alasiri mawingu yalikuwa yameshuka, rangi ya risasi. Pampu alifika, akalitazama bampa juu ya meza ya chuma, akapiga mluzi.

“Shemeji! Hili hata mto ukiliona utasema pita tu bwana.”

“Shika huko. Tuinue pamoja.”

Waliinua. Fundi cherehani aliacha wateja wake, akaja kushika katikati. “Nimezaa mara sita,” alisema, “hiki si kitu.” Sikio la kulia liliingia kwenye mkono wa chesi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari zima, taratibu, bolti ikapita bila kelele. Cheche alitabasamu.

Sikio la kushoto likagoma.

Walisukuma. Likagoma. Waliinamisha, wakainua, Pampu akalipiga goti. Tundu la sikio na tundu la chesi yalipishana upana wa kidole gumba, na bampa lenyewe, kwa mtu aliyesimama mbele, lilikuwa limepanda upande mmoja kama mtu anayecheka kwa dharau.

Waliliteremsha chini. Cheche aliingia chini ya gari kwa mgongo, na brashi ya waya mkononi. Akasugua matope, akasugua kutu, akaweka skwea. Alikaa kule chini kwa muda ambao Pampu aliuona mrefu.

“Kuna nini?”

“Jiwe lako la mtoni,” ilisema sauti ya Cheche, ndogo. “Halikukunja bampa peke yake. Limeusukuma mkono wa kushoto wa chesi kwa ndani, na juu kidogo.”

“Umepasuka?”

“Haujapasuka. Nimeusugua wote, hauna hata ufa wa unywele. Umeinama tu, na utabaki hivyo.”

Alitoka, akaketi chini, mikono magotini. Akalitazama lile bampa la zamani lililotupwa ukutani, na lile tundu lake lililoliwa kama jicho la mbuzi. Halikuliwa na kutu. Lilivutwa siku ile ya jiwe, mkono wa chesi ulipopinda, na lilikuwa likimwambia waziwazi kwamba gari limepinda. Na yeye akalifumba mdomo kwa duara jipya.

Fundi cherehani alifungua kinywa, akamtazama, akakifunga. Hilo kwake lilikuwa jambo kubwa.

“Sikiliza, shemeji,” Pampu alisema, akichuchumaa. “Usijiumize. Tanua hilo tundu tu. Lifanye refu, weka washa nene chini ya nati, kaza. Nani atajua? Kazi yenyewe ni nzuri, wallahi.”

“Mto utajua.”

“Mto haujui skwea.”

“Unajua kuvuta. Utakwama kwa ubavu, winchi itakuvuta mshazari, na bolti itatembea ndani ya tundu refu. Itatembea mara ya kwanza, mara ya pili, halafu siku moja itaamua kutoka. Wewe uko katikati ya maji. Mdogo wangu nimwambie nini? Kwamba washa ilikuwa nene?”

Pampu alisimama. Aliangalia mawingu. “Kesho asubuhi lazima niondoke. Unajua hilo.”

“Nalijua.”

Cheche aliinuka, akaenda hadi kwenye kigoda cha mlangoni. Hakuinama, wala hakulainisha sauti.

“Baba, ulijua?”

“Nilisikia gari likiondoka,” alisema Mzee. “Kazi imebaki, gari limeondoka.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema, bampa lingekuwa langu.”

Cheche alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa imeelekea pande mbili: kwa mzee huyu aliyekaa siku zote hizo akichambua bolti huku akijua, na kwake mwenyewe. Ile ya kwanza aliiacha. Ile ya pili alirudi nayo kwenye meza, akavaa miwani, akashika grenda.

“Unafanya nini?” Pampu alishtuka.

“Nakata masikio.”

“Yote mawili?”

“La kulia limeingia kwa bahati. Mimi sifungi roho ya mtu kwa bahati.”

Kukata kazi mbaya ya mtu mwingine ni starehe. Kukata kazi yako mwenyewe, iliyotoka vizuri, ambayo kosa lake ni kwamba ilitengenezewa gari ambalo halipo, ni kama kumnyoa mtoto siku ya harusi. Cheche alikata. Cheche zilimrukia mikononi, naye hakuzikwepa. Sikio la kwanza lilianguka sakafuni na mlio wa kengele. Mlangoni, kichwa cha Mzee kiliinama kidogo kwa mbele.

“Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi,” alisema fundi cherehani, mwishowe akiwa amepata la kusema. “Mdogo wangu, nikushikie nini?”

“Uzi. Una uzi mrefu usiokatika?”

“Unaniuliza mimi uzi!”

Safari hii alianza na gari. Alimwambia Pampu alisogeze kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, akapima upepo wa matairi yote, akaongeza lililopungua. Alifungua waya wa betri, ili umeme wa kuchomelea usije ukaikaanga. Kisha alifunga uzi kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi la mbele, kulia na kushoto, na mwingine wa kukatisha mbele, na katikati akaning’iniza nati nzito iliyoonyesha chini ni wapi. Kuhusu chesi aliamua hivi: imepinda, haya, imepinda, basi, lakini barabara haijui chesi, inajua magurudumu. Bampa litanyooka na magurudumu, na masikio yatakwenda kuifuata chesi popote ilipojificha.

“Sasa unapima mwili,” fundi cherehani alisema, akishika ncha ya uzi. “Unaona? Huyu bega moja limeshuka. Ukimshonea koti la dukani, atatembea kama kaliiba.”

“Dada, nimekuelewa.”

“Nilikuambia lakini.”

“Uliniambia.”

“Siku ile nilisema—”

“Dada. Uzi unalegea.”

Walilisimamisha bampa mbele ya gari, limekaa juu ya jeki mbili na vipande vya mbao, likalingana na uzi. Cheche alikata makaratasi ya boksi kwanza, akayajaribu kwenye ule mkono uliopinda mpaka yakakaa kama ngozi, ndipo akayahamishia kwenye pleti. Sikio la kushoto lilitoka la ajabu, limejikunja shingo, halifanani kabisa na la kulia. Alilishikiza kwa matone machache ya moto papo hapo kwenye gari, bolti zikiwa ndani. Akashikiza na la kulia. Akarudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja.

Limenyooka. Gari lililopinda lilikuwa limevaa bampa lililonyooka.

Giza lilipokuwa linaingia, alilishusha, likiwa bado na matone tu, akarudisha waya wa betri, akamwambia Pampu akalale. Alfajiri Cheche alikuwa ameshafika. Alilifunga bampa kwenye meza kwa klampu, akaweka na fito za kuyabana masikio yasije yakavutwa na moto, akachoma, akahama, akachoma, akahama. Wakati watu wanafungua maduka, moto wa mwisho ulikuwa umezimika, na hewa ilikuwa nzito, ina harufu ya vumbi linalosubiri maji.

“Baba,” aliita. “Njoo.”

Mzee alikuja akiwa ameshika ukuta, kisha meza. Alilisubiri joto lipungue, halafu akaweka ncha za vidole juu ya mshono wa sikio la kushoto, akaufuata polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya kipofu. Pampu, aliyekuwa amefika na kikombe cha chai, alikishika bila kunywa. Vidole vilipita pembeni, vikageuka kona, vikashuka. Vikasimama.

“Hapa ulipumua,” alisema Mzee.

Cheche aliinama. Hakuona kitu. Aliweka kidole chake pale pale, na ndipo akahisi: kibonde kidogo, mahali ambapo kijiti cha kuchomelea kilikwisha naye akabadilisha, akaanza tena mbele kidogo ya alipoishia.

“Mzee, hicho ni kitu kidogo sana,” Pampu alisema. “Na wingu lile—”

“Ni kidogo,” Cheche alisema, akiwa ameshavaa kinyago. “Geuzeni macho.”

Alikisaga kile kibonde mpaka chuma kitupu, akachoma upya, akaanzia nyuma ya pale moto ulipokufa. Mzee alikigusa tena kilipopoa. Hakusema neno. Aliondoa mkono, akarudi kwenye kigoda chake, na kimya hicho Cheche alikihesabu kuwa maneno mengi.

Bampa lilipanda garini. Sikio la kulia, bolti ikapita. Sikio la kushoto, bolti ikapita, bila goti la mtu. Winchi aliyokuja nayo Pampu ikakaa kitandani mwake. Cheche alikaza nati kwa spana yenye bomba refu, kisha akachukua chaki, akachora mstari mmoja mweupe uliokatisha sikio la kushoto na kuingia juu ya chesi. Akachora na wa kulia. Chuma kikisogea hata upana wa karatasi, mstari utakatika.

“Lete kwa Mama Mkwe,” alisema Mzee.

Pampu alilisogeza gari uwanjani, uso ukielekea ile reli.

“Si hivyo. Mtoni hakuna atakayekuvuta kwa adabu. Liweke mshazari.”

Gari likageuzwa mpaka waya wa winchi ukatoka kwa ubavu, ukivuta zaidi upande wa kushoto, upande uliopinda. Waliweka magogo mbele ya magurudumu yote. Cheche alifunga ndoano kwa Mama Mkwe, akatandaza gunia bichi juu ya waya, ili ukikatika usiruke na kuchukua kichwa cha mtu. Akawafukuza wote nyuma ya ukuta. Fundi cherehani alifunga dirisha lake, kisha akalifungua kidogo, maana udadisi nao ni ugonjwa.

“Pampu, breki!”

“Nimesimama juu yake!”

Cheche akabonyeza swichi ya winchi. Winchi ilinguruma, waya ukajinyoosha, ukatetemeka, ukaanza kuimba, wimbo mwembamba unaopanda. Gari likainamisha pua, likachuchumaa upande wa kushoto. Matairi yalianza kuyapanda magogo. Kitu kililia chini ya gari, mlio mmoja mkavu; lilikuwa gogo lililogandamizwa. Hakuachia. Alivuta mpaka winchi yenyewe ikakwama, ikaguna, ikashindwa. Mama Mkwe hakusogea. Na yeye hakuondoa kidole mpaka aliposikia sauti ya mzee nyuma ya ukuta:

“Basi.”

Alilegeza waya. Tone la kwanza la mvua likamwangukia shingoni. Alipiga magoti mbele ya gurudumu la kushoto, akatazama. Mzee alikuwa amekuja nyuma yake, mkono mmoja juu ya boneti.

“Mstari?” aliuliza.

“Mzima.”

“Nisomee vizuri. Mimi siwezi kuushika.”

“Unaanzia kwenye sikio, Baba, unavuka, unaingia kwenye chesi. Haujakatika mahali popote. Na wa kulia vile vile.”

Mzee alivuta pumzi kwa pua. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa tindo na nyundo ndogo, vile vile alivyokuwa akivitoa zamani, akampa. Cheche alivipokea, akalenga pembeni mwa bampa, pale macho ya watu yangeuona mwezi.

“Unagonga nini?” Mzee aliuliza.

“Mwezi wako.”

“Mwezi ni wangu. Hii si kazi yangu. Mimi ningeupasha moto ule mkono wa chesi niunyooshe, na pengine ningeupasua. Tafuta ya kwako.”

Miaka yote hiyo Cheche alikuwa amejiona akigonga ule mwezi. Nyingine hakuwa nayo. Matone yalikuwa yanaongezeka, mistari ya chaki ilikuwa inaanza kutiririka, Pampu alikuwa ameshawasha gari. Akajilaza chini ya bampa, nyuma ya sikio la kushoto lililojikunja shingo, pale ambapo fundi mwingine tu, siku moja, atakuja kulala kwa mgongo na kushangaa. Akaweka tindo, akagonga mstari mmoja ulionyooka, wenye shingo iliyopinda mwishoni.

“Ni nini?” Mzee alisema, Cheche alipotoka.

Alimshika mkono, akamwinamisha, akaupeleka wenyewe. Kidole cha mzee kilipita juu ya alama, kikafika kwenye shingo, kikapinda nayo. Akatoa sauti ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kicheko.

Pampu alitoa kichwa dirishani. “Nimwambie mke wangu dada yake kanichapa muhuri kama ng’ombe?”

“Mwambie ng’ombe anaweza kuvuka mto sasa. Nenda, kabla haujajaa!”

Gari lilitoka uwanjani na bampa lake jeusi likimeta kwa maji, limenyooka na barabara. Mvua ikaanza kweli, ikapiga mabati mpaka watu wakawa wanapiga kelele kusikilizana. Muuza matairi alivuka barabara mbio, boksi kichwani, akasimama chini ya paa la karakana, akijikung’uta.

“Mzee,” alisema, kwa upole wake ule ule, “naona mvua zimeanza.”

Mzee alitoa ufunguo. Alimpa binti yake.

“Zungumza na mwenye karakana,” alisema, akaenda kukaa na bolti zake.

Muuza matairi alimgeukia Cheche, akautazama ule ufunguo, akautazama uwanja, akaishia kutabasamu. “Basi, dada. Hata mimi nina gari langu la kubebea mzigo, bampa la mbele limelegea. Nikuletee vipimo lini?”

“Vipimo usilete,” Cheche alisema. “Lete gari.”